Uwanja wa shule, kufuli la kata: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwaka wa fedha ukifungwa mwezi wa sita, halmashauri zetu huanza kuandika taarifa za mafanikio. Madarasa kadhaa, matundu ya vyoo kadhaa, madawati kadhaa, uwanja mmoja. Kisa hiki kinahusu huo uwanja mmoja. Nilikuwa Afisa Elimu Kata wakati unakarabatiwa. Sahihi yangu imo kwenye mihtasari ya vikao ninavyovitaja, na sehemu ya makosa ni yangu. Jina la halmashauri, la kata na la shule nimeyaondoa, watu nawataja kwa vyeo vyao, na mambo madogo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulike mtu. Mtiririko wa matukio sikuugusa.

Mazingira

Shule yenyewe ni moja ya zile za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, na vijiji vikatoa ardhi kwa haraka na kwa ukarimu. Kijiji hiki kilitoa eneo kubwa, likapimwa kwa hatua za miguu kutoka barabarani hadi mkorosho wa tatu. Jiwe la mpaka halikuwekwa, hati haikuombwa. Wakati ule nani angegombea pori la mikorosho?

Leo kijiji kimekuwa mtaa ndani ya halmashauri ya mji, na pori limekatwa viwanja vya kuuza. Sehemu pekee iliyobaki wazi ni uwanja wa shule. Asubuhi ulikuwa wa wanafunzi. Ikifika saa kumi jioni vijana wanaingia na ndondo yao, yaani mpira wa mtaani, na mwisho wa msimu kuna Kombe la Mbuzi. Bodaboda wapya walijifunzia hapo. Harusi ikikosa ukumbi, turubai lilifungwa hapo. Katikati ilipita njia ya miguu ya kwenda kisimani, ya zamani kuliko shule. Magoli yalikuwa ya miti. Upande wa mashariki palikuwa na kiwanja cha mpira wa pete chenye nguzo mbili za chuma, zilizochomelewa na mzazi mmoja fundi kwa kujitolea.

Kuhusu fedha, msomaji aliye nje ya elimu anapaswa kujua jambo moja. Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutekelezwa, ada na michango ya lazima iliondolewa, na shule ikabaki kutegemea ruzuku ya uendeshaji. Kiwango kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na hazipitii shuleni. Zinazoingia akaunti ya shule ni 6,000, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na mpira. Mwalimu mkuu akinunua mpira wa pete kwa fedha hiyo, ujue kuna kitu kingine amekiacha dukani.

Kilichotokea

Kisa hakikuanzia uwanjani. Kilianzia kwenye madarasa.

Shule ilipangiwa vyumba viwili vya madarasa na vyoo kwa fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi. Watoto walikuwa wamebanana kweli na hakuna aliyepinga. Fundi alipokagua eneo alisema upande wa magharibi una mteremko, msingi utakula saruji na mawe kupita makisio. Mashariki ni tambarare. Hiyo tambarare ndiyo kiwanja cha mpira wa pete. Kamati ya ujenzi ilikaa dakika zisizozidi ishirini, na muhtasari unasema: "Kamati imeridhia eneo la mashariki kwa kuwa halina matumizi." Niliusoma, nikasaini. Nguzo ziling'olewa, na moja niliiona baadaye ikishikilia tangi la maji nyuma ya jiko.

Mwaka uliofuata Diwani alifanikiwa kuingiza ukarabati wa uwanja kwenye bajeti ya mapato ya ndani. Si jambo jepesi. Kwenye kikao cha bajeti, uwanja unashindana na zahanati isiyo na paa. Ulipita kwa sababu kitengo cha utamaduni, sanaa na michezo kiliandika kwenye andiko lake kwamba ukiwekewa uzio na geti, uwanja utakuwa chanzo kipya cha mapato. Sikibezi kitengo kile. Bila sentensi ile mradi usingefika popote. Ila sentensi hiyohiyo ndiyo iliyotuponza.

Kazi ilifanywa na mafundi wa mtaani kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani halmashauri inasimamia yenyewe bila mkandarasi, na ilifanywa vizuri. Greda lilisawazisha uwanja kwa siku mbili. Magoli ya chuma yalisimikwa na kupakwa rangi nyeupe. Uzio wa nguzo za zege na waya ulizunguka eneo lote, likawekwa geti moja upande wa barabarani. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alipiga penalti, kipa akaiachia ipite kama ilivyo desturi, wanafunzi wakaimba. Kufuli lilinunuliwa mchana uleule duka la ng'ambo ya barabara. Lilikuja na funguo tatu. Mmoja alichukua Mtendaji wa Kata, mmoja mlinzi, wa tatu ukaenda makao makuu kwa Afisa Michezo. Shule haikupewa. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuliona hilo.

Wiki ya tatu mwalimu mkuu alinipigia simu. "Afisa, njoo uone mwenyewe." Nilikuta darasa la tano wamejipanga nje ya geti, wamevaa fulana za michezo, kipindi kimeshaanza. "Shikamoo mwalimu" ikatoka kwa pamoja. Binti mmoja alikuwa ameupakata mpira wa pete, mkono mwingine ameushika waya wa uzio kama anayesubiri kufunguliwa dirisha la zahanati. Mlinzi alikuwa wa usiku, mchana yuko shambani. Mtendaji alikuwa kwenye kikao mjini na simu yake imezimwa. Kipindi ni dakika 40. Zilipopita dakika 25 mwalimu aliwarudisha darasani akawaambia watoe daftari za maarifa.

Kumbe hali hiyo ilikuwa ya kila wiki. Watoto walishapata ufumbuzi wao: walichimba chini ya waya, upande wa mkorosho, tundu la kupita tumbo likiwa chini. Vijana wa jioni walitakiwa kulipa shilingi 20,000 kwa mechi. Mara ya kwanza walilipa, mara ya pili walichangishana wakapungukiwa, ya tatu wakahamia kando ya barabara kuu. Fedha iliyolipwa alipokea mlinzi mkononi. Stakabadhi haikuwepo, wala namba ya malipo, wala mashine ya POS ya kukusanyia mapato. Mkaguzi wa ndani alipopita kwa shughuli nyingine aliuliza swali moja tu: tozo hii ipo kwenye sheria ndogo ipi? Haikuwepo kwenye yoyote.

Kilichotufikisha kwenye mkutano ni mguu wa mtoto wa darasa la pili. Waya ulimchana paja alipokuwa anatoka kwenye lile tundu, akashonwa nyuzi kwenye kituo cha afya, na jioni ileile baba yake akafika kwa mwenyekiti wa mtaa na koleo la kukatia waya mkononi. Mwenyekiti alimkalisha, akampa maji, akamwomba siku nne.

Mkutano na maamuzi

Tulikaa chini ya mwembe wa shule: Diwani, Mtendaji wa Kata, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, kamati ya shule, Afisa Michezo, nahodha wa timu ya vijana na wazazi wengi kuliko tulivyotarajia. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kurushiana lawama, nairuka. Mkutano uligeuzwa na bibi mmoja aliyeomba kusema akiwa amekaa.

"Mheshimiwa, mwanangu, mimi la mpira sina. Nauliza njia. Tangu mtie waya, ndoo moja ya maji nazunguka mpaka dukani kwa Mangi."

"Bibi, tumekusikia."

"Kunisikia mmeshanisikia. Huo waya utatobolewa lini?"

Watu walicheka, lakini baada ya hapo mazungumzo yaliacha kuwa ya nani mkosaji yakawa ya saa, mlango na ufunguo. Tuliafikiana mambo haya, na sababu zake nazieleza kama zilivyosemwa siku ile.

Ufunguo wa geti uhamie shuleni, na shule iwe yenye uwanja kila siku ya masomo hadi saa kumi jioni. Afisa Michezo alipinga: mali ya halmashauri haiwezi kukabidhiwa kwa mwalimu mkuu bila maandishi. Alikuwa na haki, na badala ya kubishana tuliandika hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja palepale. Kuanzia saa kumi hadi magharibi uwanja ni wa mtaa, na nahodha wa timu anachukua ufunguo kwa kusaini. Kuna mzazi aliyeona ni hatari kumwachia kijana ufunguo. Mwenyekiti wa mtaa akamjibu kwamba kijana huyo ndiye anayejua nani huvunja taa za shule, afadhali awe upande wetu.

Tozo isimamishwe hadi sheria ndogo ipatikane. Hapa hatukuwa na hiari, lakini Mtendaji aliomba iandikwe kuwa ni uamuzi wa mkutano ili asionekane ameshindwa kukusanya. Tukaandika hivyo.

Uzio utobolewe upande wa kisima, pawekwe upenyo wa mtu mwenye ndoo, na nguzo ya zege katikati ili bodaboda isipite. Fundi aliukadiria upana kwa kumsimamisha bibi na ndoo yake kichwani.

Kiwanja cha mpira wa pete kirudishwe, kwenye kona ya kusini. Kiwanja kamili kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na mlingoti wake una mita 3.05. Kona ile ilitosha kwa upana, kwa urefu ikapungua kidogo kwa sababu ya mkorosho ambao hakuna aliyetaka ukatwe. Mzazi yuleyule wa zamani alichomelea nguzo upya, safari hii akalipwa. Jumanne na Alhamisi jioni ziwe za wasichana, uwanja mzima. Hoja ilitoka kwa mwalimu wa kike wa darasa la sita: mahali pakisemwa ni pa wote, saa kumi na dakika tano pameshajaa wavulana.

La mwisho lilikuwa daftari. Kila anayetumia uwanja aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na idadi ya watu. Wazo lilikuwa langu, na nilikuwa na nia yangu: nilitaka kitu cha kupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata zaidi ya neno "umekarabatiwa".

Matokeo

Nilibaki kata ile mihula miwili zaidi, kwa hiyo naandika nilichokiona mpaka hapo.

Vipindi vya michezo vilirudi. Tundu la chini ya waya lilifukiwa na watoto wenyewe kwa mawe, bila kuambiwa. Mahudhurio ya Ijumaa, siku ambayo rejista zetu zilikuwa zimezoea kulegea, yalipanda kwa madarasa ya juu. Michezo ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ilipofika ngazi ya kata, shule iliingiza timu ya mpira wa pete, ambayo mwaka wa nyuma haikuwepo kabisa.

Daftari lilianza vibaya. Wiki mbili za kwanza lilijazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, wa mwalimu wa zamu, na wino ulionyesha kuwa siku tano zote zimejazwa Ijumaa mchana kwa mkupuo. Tulilihamisha. Likaning'inizwa kwa kamba ndani ya geti, kalamu imefungwa uzi, na wajazaji wakawa viranja na nahodha. Miandiko ikawa mibaya, makosa ya tahajia tele, na hapo ndipo nilipoanza kuliamini daftari.

Siku za wasichana ziliporwa mwezi wa pili. Hakukuwa na ugomvi. Wavulana walianza kuingia kupasha misuli pembeni, wiki iliyofuata wakawa katikati. Aliyewatoa hakuwa mwalimu wala mtendaji. Ni nahodha mwenyewe, ambaye mdogo wake wa mwisho alikuwa senta wa timu ya mpira wa pete na alimsema nyumbani mbele ya mama yao.

Mapato kwa mwaka ule yalikuwa sifuri. Mweka hazina hakufurahi, na hakukosea: andiko lililopitisha mradi liliahidi mapato. Sheria ndogo ikaanza safari yake ya rasimu, maoni ya wananchi, Baraza la Madiwani, kisha kibali cha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Nilipohama ilikuwa bado njiani.

Ufaulu wa darasa la saba ulipanda mwaka uleule, na kwenye hotuba moja nikasikia ukihusishwa na uwanja. Mwaka ule shule ilipata pia walimu wawili wapya, mmoja wa hisabati. Mimi nisingeuhusisha uwanja na ufaulu hata kwa kubembelezwa.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilifanyika kabla uwanja haujafikiriwa, kwenye ile sentensi ya "halina matumizi". Eneo lilikuwa linatumiwa na wasichana kama arobaini kwa wiki. Lakini kwenye fomu zetu matumizi ni jengo. Tuna viwango tunavyovijua kwa moyo: wanafunzi 45 kwa darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Kila robo mwaka naulizwa pengo ni kiasi gani. Sijawahi kuulizwa pengo la mahali pa kuchezea. Kwa hiyo fedha za darasa zinapokuja na tarehe ya mwisho juu yake, sehemu isiyoulizwa ndiyo inayoliwa, na hakuna anayejiona amevunja kitu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi. Labda mthibiti ubora wa shule, tuliyezoea kumwita mkaguzi, sasa atauliza linafundishiwa wapi.

Kosa la pili ni kuubebesha uwanja mizigo miwili isiyobebeka pamoja. Elimu iliutaka uwe wazi, hazina iliutaka ufungwe ili ulipe. Andiko lilisema yote mawili kwenye aya moja na sote tuliligongea muhuri. Inawezekana uwanja wa kata kuingiza fedha, nimeona kwingine wakitoza matamasha na mikutano mikubwa huku mechi za mtaa zikiwa bure. Ila hilo linahitaji sheria ndogo, kiwango, namba ya malipo na mtu wa mchana, na hivyo vilitakiwa vitangulie kufuli. Sisi tulianza na kufuli.

Tukija kwenye yaliyofaa, siwezi kudai ushirikishwaji, kwa sababu tulishirikisha tukiwa tumeshachelewa na mtoto ameshashonwa. Kilichofaa ni kwamba mkutano uliamua vitu vidogo vya kushikika: ufunguo uko kwa nani, saa ngapi, upenyo una upana gani. Nimehudhuria mikutano mingi iliyoazimia "kuimarisha usimamizi" na sikumbuki hata mmoja uliobadilisha kitu. Hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja ilimlinda Afisa Michezo na kumpa nguvu mwalimu mkuu, na bila hiyo tungerudi pale pale mtendaji mwingine akija.

Ratiba ya wasichana inanifundisha jambo ambalo bado sijalimaliza kichwani. Tuliiandika, tuliibandika, na haikujilinda. Ililindwa na aibu ya kaka mmoja. Nahodha akihama au akioa akaacha mpira, sioni kinachobaki. Kama ningerudi, ningemkabidhi ufunguo wa Jumanne na Alhamisi nahodha wa mpira wa pete mwenyewe, asaini yeye. Siku ile chini ya mwembe hakuna aliyelifikiria, mimi nikiwemo, na wasichana waliokuwepo walikuwa wamekaa nyuma wameshika watoto.

Kuhusu taarifa ya mafanikio: nilipeleka muhtasari wa daftari kwenye kamati ya kata, ukapokelewa kwa makofi. Taarifa ya halmashauri ilipotoka, mstari wetu ulisomeka: "Uwanja 1 wa michezo umekarabatiwa." Jedwali lina safu ya idadi na safu ya gharama, hakuna pa kuweka kitu kingine. Simlaumu mchapaji.

Lililoachwa wazi kabisa ni ardhi. Eneo bado halijapimwa, mpaka bado ni mkorosho wa tatu, na barua ya kuomba upimaji ipo idara ya ardhi tangu wiki ya mkutano. Uandikishaji wa darasa la kwanza umezidi kuongezeka. Mwezi uliopita mwalimu mkuu alinipigia kunisalimia, akaniambia kamati mpya ya ujenzi imefika kutafuta pa kuweka vyumba vingine viwili, na fundi ameipenda kona ya kusini.